Jiko Ndani, Mlango Umefungwa: Mjadala wa Baridi ya Muthurwa

Julai ikifika, Nairobi hubadilika. Wingu zito hutanda tangu alfajiri, jua huchelewa kutoka na siku nyingine halitoki kabisa, na usiku vipimo hushuka hadi nyuzi 10 au 11. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ila nyumba nyingi za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, zilijengwa kana kwamba baridi haipo. Ukuta ni jiwe tupu, sakafu ni simiti, dirisha halifungi sawasawa, na juu ya kichwa mara nyingi hakuna dari. Kila mwaka majira haya magazeti huandika habari ileile: familia ililala na jiko la makaa chumbani, asubuhi majirani wakavunja mlango.

Habari hiyo imeniuma miaka mingi. Huishia kwa onyo kwamba wananchi waache kulala na jiko, kisha kimya mpaka Julai nyingine. Hakuna anayeuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliyelisikia onyo hilo tangu utotoni, bado huingiza jiko ndani na kufunga mlango. Nimeuandaa mjadala huu ili swali hilo liulizwe. Wazungumzaji wangu watano nimewaketisha kwenye benchi la kibanda cha chai nje ya soko la Muthurwa, upande wa Barabara ya Landhies, saa moja jioni. Hawana majina, kwa kuwa ni sauti nilizozitunga kutokana na misimamo inayosikika kila siku mitaani humu: mama anayeuza makaa, kijana anayepanga chumba kimoja, fundi wa jiko wa Kamukunji, muuguzi wa zahanati tunayemwita Sista, na mzee aliyestaafu kazi ya reli.

Hoja ni hii: je, mpangaji wa chumba kimoja aachane na joto la haraka la jiko na hita ndogo, atafute njia inayotumia nishati kidogo?

MAMA MAKAA: Naanza mimi, kwa sababu najua lawama zote zitanirudia. Mteja wangu huja na pesa za leo. Za kesho hana. Nampimia mkebe mmoja, anaenda kupika ugali na sukuma, anachemsha maji ya kumwogesha mtoto, na makaa yanayobaki yanawapasha joto watoto wakifanya kazi ya shule. Moto mmoja, kazi tatu. Niambieni ni kifaa gani kingine kinachofanya kazi tatu kwa bei ya mkebe. Mnasema anunue gesi. Sawa, mtungi wa kilo sita unataka pesa nyingi kwa mpigo. Na Julai 2021, watu walipokuwa wameanza kuzoea gesi, serikali ikairudishia VAT ya asilimia 16. Ikapunguzwa mwaka uliofuata, ikaondolewa 2023, lakini mimi niliwaona waliorudi kwangu. Mafuta taa nayo yalipigwa tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Mwaka huohuo wakapiga marufuku ukataji miti, gunia langu likapanda bei. Kila mlango maskini anaoukimbilia hufungwa, halafu mnamuuliza kwa nini bado ana jiko.

KIJANA: Mama, mimi sikulaumu, ila makaa nimeyaacha. Nina hita ndogo, ya kuchomeka kwenye soketi. Nimeinunua hapo mjini kwa bei ya viatu vya mtumba. Haitoi moshi, haitoi majivu, nabonyeza tu na chumba kinakuwa sawa. Na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Mimi nadhani ndiyo njia safi.

FUNDI: Tokeni zako za umeme zinaisha lini?

KIJANA: Zinaisha haraka, Fundi. Hilo siwezi kulikana.

FUNDI: Angalia nyuma ya hiyo hita, imeandikwa wati ngapi?

KIJANA: Elfu mbili.

FUNDI: Basi hesabu ni rahisi. Wati elfu mbili kwa saa nne ni yuniti nane. Bei nafuu ya umeme, tangu viwango vya Aprili 2023, ni ya asiyevuka yuniti 30 kwa mwezi. Usiku wa nne hujaumaliza na umeshavuka. Ukiendelea hivyo unalipa kama mwenye nyumba ya vyumba vitatu, na wewe una kitanda na meza.

Hapa nitie neno. Kijana ana haki ya kusema hita yake haipotezi umeme, maana karibu kila wati inayoingia hutoka ikiwa joto. Linalopotea ni joto lenyewe, likishatoka kwenye hita. Linapanda juu, linagusa bati, linaondoka zake. Linapita chini ya mlango. Linaingia kwenye jiwe la ukuta ambalo halitosheki. Akizima hita saa tano, kufikia saa saba chumba kimerudi kilivyokuwa. Kijana anapasha joto anga la Nairobi kwa pesa za mshahara wake, na hilo ni kosa la chumba kabla ya kuwa kosa la kifaa. Zaidi ya hayo, hita ya namna hiyo ikichomekwa kwenye waya mwembamba wa kuunganisha, au kwenye stima ya sambaza iliyovutwa kutoka nguzo ya jirani, waya hupata moto kabla chumba hakijapata joto. Eastlands imeshapoteza nyumba nyingi kwa moto wa umeme.

MAMA MAKAA: Mmeona? Makaa hayana tokeni.

FUNDI: Mama, hata makaa yana hesabu yake, na mimi ndiye ninayeijua. Jiko la chuma tupu, lile la zamani, inasemekana lililetwa na vibarua Wahindi wa reli mwanzoni mwa karne iliyopita. Linaunguza mikono, linaunguza meza, na katika joto lote la makaa hufikisha kwenye sufuria sehemu moja kati ya tano, mara nyingine moja kati ya kumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaja jiko la udongo, wazo lake likiwa limetoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Shirika la KENGO likalifanyia kazi pamoja na mafundi, na sisi wa Kamukunji tukaligonga kwa mikono yetu mpaka likawa la kwetu. Kiuno chembamba, udongo uliochomwa ndani, bati la mapipa nje. Joto linalofika kwenye sufuria likapanda hadi robo, na jiko likitengenezwa vizuri hupita theluthi. Makaa yakapungua karibu nusu. Hatukungoja kiwanda. Nyundo zile unazozisikia kutoka hapa ndizo zilizofanya kazi hiyo.

MAMA MAKAA: Na bado wananunua kwangu.

FUNDI: Wananunua kidogo, na pesa inayobaki wananunua unga. Wewe mwenyewe unapikia jiko langu.

MAMA MAKAA: Napikia.

SISTA: Fundi, nikuulize mbele ya watu. Hilo jiko lako la udongo, mtu anaweza kulala nalo?

FUNDI: Hapana.

SISTA: Sema kwa sauti, Mama asikie na kijana asikie.

FUNDI: Hapana, Sista. Jiko langu linaokoa makaa. Mtu aliyejifungia nalo chumbani haliwezi kumwokoa. Tena kwa sababu udongo hushika joto na makaa hukaa muda mrefu, mtu huona amepata rafiki wa usiku kucha.

SISTA: Asante. Sasa nisikilizeni, maana jambo hili watu wengi wameshika nusu yake. Kila mtu anajua moshi ni mbaya. Kwa hiyo mama anawasha jiko nje, anapepea mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, halafu analiingiza ndani akiamini amefanya ilivyopaswa. Hewa inayoua si ule moshi. Ni kaboni monoksidi, na makaa huitoa kwa wingi yakiwa mekundu namna hiyo, hasa yakianza kufunikwa na jivu. Haina rangi, haina harufu, haimfanyi mtu akohoe. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania pale ambapo oksijeni ingekaa, na hushika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaumwa kichwa, anahisi uchovu na kichefuchefu, anasema ni malaria au ni njaa, anajilaza. Akishalala haamki kujiokoa. Watoto na wajawazito huathirika haraka zaidi. Nimeshapokea waliookolewa, na wa kwanza kuniambia walichohisi alisema: usingizi mtamu.

Benchi lilinyamaza. Hata mimi niliyeyaandika maneno ya Sista ilibidi nisimame kidogo kabla ya kuendelea, kwa kuwa wazo la makaa mekundu kuwa salama nililelewa nalo nyumbani, kama walivyolelewa nalo wengi watakaosoma hapa.

MAMA MAKAA: Sista, mimi huwaambia wateja waache dirisha wazi.

SISTA: Na unafanya vyema, Mama. Lakini fikiria mwenyewe. Akiacha dirisha wazi kiasi cha kuitoa hewa hiyo, joto nalo linatoka. Atakuwa amechoma makaa na bado anatetemeka. Saa sita usiku, mtoto akilia kwa baridi, mkono wa nani hautalifunga lile dirisha? Ndiyo sababu jiko haliwezi kuwa chombo cha kupasha chumba. Likiwa salama halipashi, na likipasha si salama.

Hoja hii ya Sista sijaona jibu lake, na Mama Makaa hakulitafuta. Alichouliza ni swali lililobeba mjadala wote.

MAMA MAKAA: Sawa, nimekubali. Jiko litoke. Nimwambie nini yule mwenye mtoto wa miezi mitatu, usiku huu, na ana shilingi mia moja?

KIJANA: Mimi pia nataka kujua. Hita nimeambiwa niache.

SISTA: Upashe mwili, usipashe chumba. Mtu mzima akilala hutoa joto la wati 70 au 80 hivi. Watu watano chumbani ni kama hita ndogo iliyowashwa usiku kucha bila tokeni. Kazi yetu ni kulizuia joto hilo lisikimbie. Blanketi la pili likae chini ya mtu, maana godoro jembamba juu ya simiti linanyonya joto kuliko hewa. Kadibodi au mkeka chini ya godoro. Soksi na kofia kwa mtoto, kichwa chake hupoteza joto jingi. Pazia zito dirishani na mlangoni, na kitambaa kilichosokotwa kuziba chini ya mlango. Ila tundu la hewa la juu ukutani lisizibwe. Tuna kifua kikuu katika mitaa hii, na watu watano wanaovuta hewa ileile wanahitaji ipate pa kutokea.

FUNDI: Na maji ya moto. Hapo naweza kukupigia hesabu nyingine, kijana. Kuchemsha lita mbili hula kama sehemu ya tano ya yuniti. Yakipoa kidogo yatie kwenye chupa ya mpira iliyo nzima, funga vizuri, valisha soksi nzito isije ikaunguza ngozi, weka miguuni kabla ya kulala. Hita yako ilikula yuniti nane. Chukua nane ugawe kwa hiyo sehemu ya tano, uone ungepata chupa ngapi.

KIJANA: Arobaini.

FUNDI: Arobaini.

SISTA: Kwa mtoto mchanga chupa ipashe kitanda tu, iondolewe kabla hajalazwa. Naye alale karibu na mama, ngozi kwa ngozi akiwa mdogo sana. Na kuna kikapu cha kuivishia, kile chenye vitambaa na sponji ndani ambacho akina mama vikundini hushona. Maharagwe yaliyolowekwa yakichemka vizuri kwa dakika kama ishirini, unaitia sufuria kikapuni na kufunika, yanajiivisha yenyewe. Jiko linawaka nje kwa muda mfupi, mkebe mmoja unafika siku mbili.

MAMA MAKAA: Mnaniharibia biashara mkiwa mmeketi nami benchi moja.

SISTA: Wateja wako wawe hai Agosti, Mama.

MAMA MAKAA: Hilo nalitaka kuliko wewe. Nimezika jirani.

Mpaka hapo ningeweza kuufunga mjadala na kusema ushindi umepatikana: njia ya nishati kidogo ipo, ni rahisi, blanketi za mtumba zimejaa Gikomba, tuitangaze. Lakini mwisho wa namna hiyo ungekuwa wa haraka mno. Mzee wa Reli alikuwa hajasema, na alipoanza kusema nikaona kwamba tumekuwa tukilitazama jambo kwa upande mmoja.

MZEE WA RELI: Nimewasikiliza, wanangu. Kila mlilotaja ni la kubebeka. Jiko, hita, blanketi, chupa, kikapu. Hakuna hata mmoja wenu aliyetaja paa. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mmezoea kwamba ukuta na paa si vyenu kuvigusa.

Nyumba hizi za Muthurwa zilijengwa na reli, enzi za wakoloni, ziwe malazi ya wafanyakazi Waafrika. Landi, tulivyoziita. Chumba kilihesabiwa kwa mfanyakazi, hakikuhesabiwa kwa familia, kwa sababu walidhani mke na watoto watabaki mashambani. Familia zikaja, watoto wakazaliwa humu, wajukuu wakazaliwa humu. Halafu nyumba zikawekwa mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na mwaka 2010 wapangaji wakaambiwa wahame ili ardhi iendelezwe. Wakaenda mahakamani, kesi namba 65 ya mwaka huo. Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu Agosti 30, 2013, akasema haki zao zimekiukwa, ikiwemo haki ya makazi bora iliyo katika kifungu cha 43 cha Katiba. Tulishangilia. Lakini niulizeni: kuanzia mwaka ule wa ilani mpaka hukumu, nani angepigilia dari katika chumba ambacho huenda kesho kingebomolewa? Nani angebadilisha dirisha? Mtu anayeweza kufurushwa hununua kitu anachoweza kukibeba. Jiko hubebeka. Hita hubebeka. Dari unaiacha.

KIJANA: Mzee, hata sisi wa vyumba vya kupanga vya watu binafsi ni hivyohivyo. Nikiweka dari, mwenye nyumba atapandisha kodi kwa sababu chumba kimekuwa kizuri.

MZEE WA RELI: Atapandisha. Nimeona.

FUNDI: Na mwenye nyumba halipi umeme wala makaa, kwa hiyo baridi haimgharimu kitu.

MZEE WA RELI: Fundi amemaliza. Anayeweza kuzuia joto lisitoke haumizwi na baridi, na anayeumizwa na baridi hana ruhusa ya kuligusa paa. Katikati ya hao wawili ndipo mtoto anapokufa.

Nimeyarudia maneno hayo ya Mzee mara nyingi. Ni nadra kumwona mtu akiandika kuhusu nishati ya nyumbani jijini Nairobi na kuanzia kwenye hati ya upangaji. Tumeandika sana kuhusu jiko. Mashirika yametoa majiko, serikali imetoa mitungi, wafadhili wamepima moshi, na kazi hiyo ina faida yake kubwa, kwa sababu Fundi hakudanganya: jiko la udongo limeokoa miti na pesa za maskini kwa zaidi ya miaka 40. Kilo moja ya makaa hula kilo tano mpaka kumi za kuni katika tanuri la udongo la msituni, basi kila mkebe unaookolewa Muthurwa ni mti uliobaki mahali fulani. Lakini jiko ni suluhisho la kupika. Kwa baridi, kifaa chenye nguvu kuliko vyote ni kile kisichowashwa: dari, dirisha linalofunga, mlango unaofika chini. Vitatu hivyo ni mali ya mwenye nyumba.

MAMA MAKAA: Na mwenye nyumba nani atamlazimisha?

SISTA: Sheria. Hatukodi chumba kisicho na choo tukanyamaza. Kwa nini tukodi kisicho na dari?

MAMA MAKAA: Mwenye choo kibovu nani amemlazimisha, Sista?

Sista hakujibu, nami sitamtungia jibu. Nitasema tu kwamba kumlazimisha mwenye nyumba hakuko nje ya uwezo wa binadamu. Uingereza, nchi ya baridi kali, tangu Aprili 2018 hairuhusu kupangisha upya nyumba iliyo chini ya kiwango fulani cha matumizi ya nishati, isipokuwa kwa udhuru unaotambuliwa na sheria. Walifikia hapo baada ya kukubali kwamba mpangaji hawezi kurekebisha asichomiliki. Sisi hatuhitaji kiwango cha Uingereza. Nairobi haipati theluji. Dari ya plaiwudi na kioo kisicho na ufa vingetosha kupunguza sana sababu ya kuingiza jiko ndani, na gharama yake kwa mwenye ploti ya vyumba ishirini haifikii kodi ya miezi mingi.

KIJANA: Kwa hiyo, Mzee, tungoje sheria?

MZEE WA RELI: Usingoje. Baridi haingoji. Nunua blanketi usiku huu, na kesho uende na wapangaji wenzako kwa mwenye nyumba mkiwa wengi, mumwambie dari. Mmoja akienda peke yake ataambiwa ahame. Sisi tulipokwenda mahakamani tulikwenda pamoja.

Uamuzi wangu, kama mwendesha mjadala, ni huu. Hita ndogo ya bei rahisi imeshindwa kwa hesabu ya Fundi. Jiko la makaa ndani ya chumba cha kulala limeshindwa kwa hoja ya Sista, na hapo hakuna rufaa. Blanketi, chupa ya maji ya moto, kikapu na jiko la udongo linalobaki nje vimeshinda kwa usiku wa leo. Na kwa miaka ijayo anayedaiwa ni mwenye nyumba, awe mtu binafsi, mfuko wa pensheni au serikali ya kaunti. Kila anayepokea kodi ya chumba katika jiji lenye usiku wa nyuzi 10 anadaiwa dari.

Msomaji wa Eastlands, ukimaliza kusoma, toa jiko nje kabla hujafunga mlango, hata kama makaa yamegeuka jivu juu, kwa sababu chini bado yanawaka. Ukimkuta mtu chumbani mwenye jiko analalamika kichwa au haamki, usianze kumpepea. Fungua mlango, mvute nje kwenye hewa, mpeleke hospitali, na uwaambie wahudumu kulikuwa na jiko ndani.